Kukompaili Programu Kwenye Seva Yenye Kumbukumbu Ndogo

Chukulia shule yenu hapa Shinyanga ina seva ya Linux yenye RAM ya MB 512 tu. Unaandika make -j4 ili kutengeneza programu kutoka kwenye msimbo chanzo. Baada ya dakika chache linatokea neno Killed na kazi inakatika. Ukiulizwa sababu, usijibu "virusi" wala "kompyuta mbovu". Majibu hayo hayana alama.

Kukompaili ni kugeuza msimbo chanzo, yaani maandishi anayoyasoma binadamu, kuwa lugha ya mashine. Aliyefika kwenye mialo ya Geita ataelewa haraka: mawe hupita kwanza kwenye karasha ndipo dhahabu ipatikane. Hapa karasha letu ni kompaila, kwa mfano GCC. Wakati wa kusaga, kompaila huhitaji RAM. RAM ikiisha, keneli ya Linux huchagua mchakato mmoja, mara nyingi ule unaotumia kumbukumbu nyingi, na kuusitisha kwa nguvu ili mfumo mzima usianguke. Ushahidi utauona ukiandika dmesg: Out of memory.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi huteleza. Tuseme mfumo endeshi unatumia MB 150, na kila kazi ya kompaila inahitaji MB 200. Inabaki 512 − 150 = MB 362. Gawanya kwa 200, unapata 1.81. Hakuna kazi nusu, kwa hiyo ni kazi moja. Agizo la -j4 lilidai MB 800! Andika make -j1. Itachukua muda mrefu, lakini itafika.

Je, kama kazi moja tu inahitaji MB 500? Hapo tenga sehemu ya diski isaidie RAM. Sehemu hiyo huitwa swopu:

dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=1024
chmod 600 /swapfile
mkswap /swapfile
swapon /swapfile

Maagizo haya hutolewa na msimamizi mkuu wa mfumo (root). La kwanza hutengeneza faili la MB 1024. La pili huwazuia watumiaji wengine kulisoma, kwa kuwa yaliyomo kwenye kumbukumbu, hata nywila, yanaweza kuandikwa humo. La tatu huliandaa, la nne huliwasha. Hakikisha kwa free -m.

Mtego: usijumlishe 362 + 1024 ukasema sasa zinaingia kazi sita za MB 200. Kwa hesabu zinaingia, lakini diski ni ya polepole mno kuliko RAM, na seva itashinda ikihamisha data huku na huko bila kazi kusonga. Baki na -j1.

Na umeme ukikatika katikati? Usianze upya. Make hulinganisha muda wa mafaili na kuruka yaliyokwisha kukompailiwa. Futa tu lile lililokuwa likiandikwa umeme ulipokatika, huenda ni nusu, kisha endelea.

Zoezi: Seva ina RAM ya MB 1024, mfumo endeshi unatumia MB 300, kila kazi MB 250. Utaandika -j ngapi bila kutumia swopu? Onyesha njia. (Jibu: -j2)