Jalada la Askari Mgonjwa na Hesabu ya Kompyuta



Kila askari aliyewahi kutibiwa hospitalini ana jalada. Ndani yake mna vipimo, majeraha, dawa alizopewa, siku alizolazwa na maneno machache ya daktari. Zamani jalada hilo lilikaa kabatini likimngojea mwenyewe arudi akiwa mgonjwa. Siku hizi, katika nchi nyingi, limehamishiwa katika kompyuta, nayo kompyuta haingoji. Yaweza kusoma majalada ya maelfu ya watu kwa muda mfupi na kutaja ni akina nani walio karibu zaidi kupatwa na madhara ambayo bado hayajatokea.

Jeshi la nchi kavu la Marekani lilifanyiwa uchunguzi wa namna hii, na yafaa wanajeshi wa kila nchi waufahamu, kwa maana ulihusu msiba ambao makambini hunong'onwa tu, yaani askari kujiua. Mwaka 2015 Profesa Ronald Kessler wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walitangaza matokeo juu ya askari 40,820 waliolazwa kwa maradhi ya akili kati ya mwaka 2004 na 2009. Katika miezi 12 baada ya kutoka hospitalini, 68 kati yao walijiua. Kiwango hicho ni kama mara 14 ya kile cha jeshi zima.

Wachunguzi waliipa kompyuta majalada ya hospitali pamoja na kumbukumbu nyingine za jeshi: umri wa kuandikishwa, makosa ya jinai, matibabu ya awali, na kama mgonjwa alikwisha kuonyesha dalili za kutaka kujiua. Kompyuta ikapima ni alama zipi zilizoonekana zaidi kwa waliokufa kuliko kwa waliosalimika, kisha ikapanga wagonjwa kwa kadiri ya hatari. Asilimia 5 tu ya waliopangwa juu kabisa ndiyo iliyobeba asilimia 52.9 ya vifo hivyo.

Msikilizaji aweza kudhani kwamba mashine imejifunza kupiga ramli. Sivyo hata kidogo. Hata katika kundi hilo la juu, kwa hesabu ya mwaka mmoja, waliojiua hawakufika 4 katika kila 100. Wengine wote, zaidi ya 96, walibaki hai. Askari polisi anajua tofauti ya mtu anayeshukiwa na mtu aliyetiwa hatiani. Huyu wa kwenye orodha ya kompyuta hata mshukiwa si mmoja, kwa kuwa hakutenda kosa lolote. Kamanda atakayewanyima vyeo wote waliotajwa atakuwa amewaadhibu watu 96 kwa jambo ambalo hawatalifanya, na wale wanne hatakuwa amewatibu.

Kwa hiyo swali kubwa ni hili: orodha iwe mikononi mwa nani? Idara ya Marekani inayowahudumia wapiganaji wastaafu ilianza mwaka 2017 mpango uitwao REACH VET. Kila mwezi kompyuta hutaja, katika kila hospitali ya idara hiyo, mtu mmoja katika kila 1,000 aliye katika hatari kubwa kuliko wenzake. Jina humfikia mtaalamu wa hospitali, na mganga anayemjua mstaafu hulisoma jalada upya, humpigia simu, humwuliza hali. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba waliofikiwa walihudhuria matibabu zaidi, na majaribio ya kujiua yaliyoandikwa yalipungua. Haukuonyesha kwamba vifo vilipungua. Wanaouza mitambo hii aghalabu hawaitaji sentensi hiyo ya mwisho.

Kuna udhaifu mwingine, nao ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Kompyuta huona kilichoandikwa tu. Mwaka 2019 Ziad Obermeyer na wenzake walichunguza programu iliyotumika sana Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu hiyo ilikisia gharama ya matibabu, ikaichukua kuwa ndicho kipimo cha ugonjwa. Na kwa kuwa Wamarekani Weusi walitumiwa fedha kidogo kwa ugonjwa ule ule, programu iliwahesabu kuwa na afya kuliko walivyokuwa. Baada ya kusahihishwa, sehemu ya Weusi waliostahili msaada ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5.

Sasa mfikirieni askari asiyelala usiku tangu aliporudi kutoka mapambanoni, ambaye kila akiulizwa na daktari hujibu, "Niko sawa, afande," akihofia kwamba neno jingine litafika kwa mkuu wa kikosi. Jalada lake ni safi. Kompyuta itampanga chini kabisa.

Jambo hili halipo mbali nasi. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumika leo katika nchi nyingi, ulikua kutokana na kazi iliyofanywa Eldoret, Kenya, na Rwanda nayo iliupokea mapema huko Rwinkwavu. Sheria za Kenya na Uganda za mwaka 2019 juu ya ulinzi wa taarifa za watu zinahesabu habari za afya kuwa ni za kulindwa kipekee. Lakini kambini, ambako daktari naye ana cheo na ana mkubwa wake, sheria ya bungeni haitoshi. Inatakiwa amri ya jeshi lenyewe, iliyoandikwa na kusomwa gwarideni kabla hospitali ya kijeshi haijaanza kazi hii, kwamba orodha ya wagonjwa itasomwa na mganga, wala haitapelekwa katika baraza la kupandisha vyeo.