Budondo Yaingia Jijini

Ndugu askari wa jeshi na polisi, wengi wenu mwaijua Jinja kwa kambi zake, lakini kilichoukuza mji huo ni umeme. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954. Kikafuata kiwanda cha nguo, kisha, mwaka 1956, mtambo wa kuyeyushia shaba ya Kilembe. Vijana wakaacha majembe wakaufuata mshahara. Waasia walipofukuzwa mwaka 1972, viwanda vilizorota, na wengi waliotafuta kazi wakaelekea Kampala.

Budondo, iliyo kaskazini ya Jinja kando ya Nile, imeingia mjini kwa mlango mwingine. Tarehe 1 Julai 2020 Jinja ilipandishwa kuwa jiji, na Budondo ikatiwa ndani ya mipaka yake. Mkulima alilala mwanakijiji, akaamka mkazi wa jiji, na migomba yake ingali pale pale. Hapo ndipo penye hatari: mnunuzi wa ardhi hufika kabla ya kiwanda. Aliyeuza shamba, na kazi ya mshahara haijaja, atawalisha nini watoto? Na ugomvi wa mipaka ukizuka, ninyi ndio mtakaoitwa kwanza.