Umeifunga programu ya bao mara 6 kati ya 10? Usitambe bado

Chukulia vijana wawili, mmoja yuko Masasi, mwingine Newala. Kila mmoja ana programu ya bao aliyoitengeneza mwenyewe. Ya Newala amebadilisha mipangilio: inalinda nyumba kuliko kitu chochote. Ya Masasi inakimbilia kula kete.

Wamezipambanisha mara 10. Ya Newala imeshinda 6. Ubishi umeisha?

Bado kabisa.

Bahati tu inatosha

Rusha sarafu mara 10. Uwezekano wa kichwa kutokea mara 6 au zaidi ni karibu asilimia 38. Yaani programu mbili zenye uwezo sawa zinaweza kukupa matokeo hayo bila shida.

Sasa zicheze mara 100, moja ishinde 60. Kwa bahati tupu, jambo hilo au zaidi yake hutokea kwa asilimia 3 hivi. Hapo ndipo unaweza kuanza kuamini kwamba mipangilio ina kitu. Uwiano ni uleule, 6 kwa 10, lakini uzito wa ushahidi ni tofauti.

Mashine hujirudia

Kuna mtego mwingine. Programu isiyochagua chochote kwa kubahatisha, ikikutana na mpinzani wa aina hiyohiyo, itacheza mchezo uleule kila mara. Mechi zako 100 kumbe ni mechi 1 iliyorudiwa.

Dawa yake: anzeni kila mechi na mpangilio tofauti wa kete, kwa mfano baada ya hatua chache za namua. Kisha kila mwanzo uchezwe mara mbili kwa kubadilishana upande, ili anayeanza asipate faida ya bure.

Mpinzani mmoja hatoshi

Programu A inaweza kuifunga B, B ikaifunga C, halafu C ikaifunga A. Ni kama soka: timu inamtoa bingwa, wiki ijayo inalala kwa timu ya mkiani. Kumbe mipangilio iliyoshinda ilimfaa mpinzani yule tu.

Jambo hili limefanyiwa utafiti, tena kwa kutumia bao lenyewe. Mwaka 2003, Jeroen Donkers wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, aliandika tasnifu ya udaktari kuhusu programu zinazocheza kwa kumsoma mpinzani. Bao ni mmojawapo wa michezo aliyoitumia kwenye majaribio.

Kwenye sataranji, au chesi, watengenezaji wa Stockfish hawaamini macho. Tangu 2013 wanatumia mfumo wa Fishtest, ambapo kompyuta za watu wanaojitolea huchezesha toleo jipya dhidi ya la zamani. Badiliko dogo tu linaweza kuhitaji makumi ya maelfu ya mechi kabla ya kukubaliwa.

Barazani je?

Programu iliyopimwa na programu wenzake pekee inaweza kuwa hodari wa kufunga mashine, halafu ikaduwazwa na mzee aliyecheza bao maisha yake yote.

Kwa hiyo kabla ya kijana wa Newala kutamba, ajiulize: mechi ni ngapi? Zilianza tofauti? Na wapinzani walikuwa wangapi? La mwisho linamhusu mzee wa barazani pia. Naye apewe simu, acheze.