Je, Wajua? Mkutano wa Kuacha Pombe Hauna Kiingilio

Je, wajua kwamba mikutano ya AA, umoja wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, haina ada wala fomu? Sharti ni moja: uwe na nia ya kuacha kunywa. Umoja huo ulianzishwa Marekani mwaka 1935 na walevi wawili, Bill Wilson na daktari Bob Smith. Gharama za kikao hutokana na michango ya hiari ya wanachama wenyewe.

Watu hujitambulisha kwa jina la kwanza tu. Kwa muuza vitenge wa Kariakoo, ambaye jirani wa fremu anajua hata alichokula jana, hilo si jambo dogo! Kikao kikiitwa cha wazi, hata ndugu anakaribishwa.

Wengi huchanganya mikutano hii na kliniki ya methadoni ya hospitali ya Muhimbili, iliyofunguliwa 2011, lakini kliniki hiyo ni ya waraibu wa heroini. Mwenye shida ya pombe akifika hospitalini hapo aulizie idara ya magonjwa ya akili.

Na kama unakunywa sana kila siku, usiache ghafla peke yako. Unaweza kupata degedege, hata kufa. Muone daktari kwanza.