Siki Kutokana na Ulanzi: Somo la Asidi kwa Shule za Msingi

Mtoto wa mkoa wa Njombe, awe wa Liganga au wa Makambako, ameona mianzi michanga ikigemwa wakati wa mvua. Anajua kwamba ulanzi huanza ukiwa togwa tamu, kisha huwa mkangafu, na ukikaa sana huwa mkali wa kukunja uso. Mwalimu aandikapo ubaoni "asidi asetiki", mtoto huyo hatambui kwamba anaelezwa jambo la nyumbani kwao.

Hapa pana mabadiliko mawili, nayo yasichanganywe. Kwanza, hamira hugeuza sukari kuwa alkoholi na gesi ya kaboni dayoksaidi. Kazi hii haihitaji oksijeni. Pili, bakteria huiunganisha alkoholi na oksijeni ya hewani, ikapatikana asidi asetiki pamoja na maji. Asidi hiyo ndiyo ukali wa siki, nayo ni ya jamii ya asidi za kaboksili. Louis Pasteur wa Ufaransa alieleza mwaka 1864 kwamba badiliko hili la pili ni kazi ya viumbe hai. Katika maabara alkoholi huoksidishwa kwa dikromati ya potasiamu na asidi salfuriki. Lakini dikromati ni sumu, wala haina nafasi katika shule ya msingi.

Ili darasa lione kazi ya hewa, mwalimu achukue mkangafu (auchukue mwenyewe, wanafunzi wasitumwe kilabuni!) na kuugawa sawasawa. Nusu moja itiwe katika chupa iliyojaa, mdomo ufungwe kwa puto. Chupa isizibwe kwa kizibo, maana gesi yaweza kuipasua. Nusu ya pili iwekwe katika bakuli pana lililofunikwa kitambaa chepesi.

Walimu wengi hukimbilia karatasi ya litimasi. Haitasaidia: itakuwa nyekundu kotekote, kwa kuwa ulanzi huwa pia na asidi laktiki, ile ya maziwa mgando. Yafaa kupima kiasi. Koroga kwanza mpaka gesi iishe, kisha ongeza magadi soda kwa ncha ya kijiko, huku wanafunzi wakihesabu, hadi povu likome. Ulanzi wa bakuli utahitaji magadi mengi zaidi.

Asionje mtu yeyote. Na kwa kuwa baridi ya Njombe huchelewesha bakteria, jaribio lianzishwe wiki tatu kabla ya somo.