Wanawake Ulingoni: Haki, Usalama na Maumbile

Katika michezo ya shule za sekondari za Sumbawanga na uwanda wote wa juu wa Ufipa, wasichana hushindana na wasichana, na wavulana na wavulana. Desturi hiyo ina msingi wa kisayansi, nao ndio kiini cha mjadala mkubwa wa michezo duniani: je, mtu aliyezaliwa mwanamume, kisha akaishi kama mwanamke, aruhusiwe kupigana na wanawake ulingoni?

Kabla ya kubalehe, tofauti ya nguvu baina ya mvulana na msichana ni ndogo. Baadaye homoni iitwayo testosteroni, itolewayo kwa wingi na korodani, hukuza misuli na mifupa ya mvulana. Katika mbio, wanaume bora huwazidi wanawake bora kwa asilimia 10 hadi 12 hivi. Katika ngumi tofauti ni kubwa zaidi. Mwaka 2020 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walionyesha kwamba nguvu ya mkono wa mwanamume katika mwendo wa kupiga ngumi ni, kwa wastani, zaidi ya maradufu ya ile ya mwanamke. Kwa hiyo kuwapanga mabondia kwa uzito pekee hakutoshi. Dawa za kupunguza testosteroni nazo haziondoi mara moja nguvu iliyokwisha kujengwa mwilini.

Yafaa kutenganisha jambo hili na lingine. Wako wanawake waliozaliwa na kulelewa kama wasichana, ambao miili yao kwa maumbile hutoa testosteroni nyingi. Hao hawakubadili jinsia. Mfano ni Francine Niyonsaba wa Burundi, nchi iliyo kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, ziwa lile lile lipakanalo na Ufipa. Alipata medali ya fedha ya mita 800 huko Rio mwaka 2016. Kanuni za mwaka 2019 zilipomzuia katika mbio hizo asipopunguza homoni, alihamia mbio ndefu. Mwaka 2023 kanuni hizo zilienezwa kwenye mbio zote.

Wanamichezo wanawake wenyewe wasemaje? Katika uchunguzi uliotangazwa Uingereza mwaka 2024, wanawake 175 wa michezo mbalimbali waliulizwa. Asilimia 58 walitaka mashindano yagawanywe kwa jinsia ya kuzaliwa. Hata hivyo, asilimia 81 walitaka vyama vya michezo viwajali zaidi waliobadili jinsia. Kutaka ushindani wa haki, basi, si kumchukia mtu. Ulingoni uzito wa swali huongezeka, kwa kuwa anayezidiwa nguvu mbioni hukosa medali, lakini bondia aweza kuumia ubongo.

Mwezi Agosti 2025 chama cha World Boxing kilianza kudai kipimo cha jeni ya SRY, ambayo kwa kawaida huwamo katika kromosomu Y. Kipimo hicho huonyesha kama jeni imo. Hakionyeshi jinsi mwili ulivyoitikia homoni. Wako wanawake wenye jeni hiyo ambao miili yao haiitikii testosteroni hata kidogo. Tena wanaopimwa ni wanawake, na majibu yakivuja, aibu huwaangukia wao na jamaa zao.

Sayansi yaweza kupima nguvu ya ngumi. Kiasi gani cha hatari kikubaliwe, na siri ya mwili wa msichana ilindwe vipi, ni maamuzi ya wanadamu. Maamuzi hayo yasifanywe bila kuwasikiliza wanawake wanaopanda ulingoni.