Kaburi la Kando ya Njia

Sogeeni, wanangu. Leo sina sungura wala fisi. Nina kaburi, tena la kweli, lipo Nyali, Mombasa.

Mwaka 1844 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliingia Mombasa na mkewe Rosine. Kabla ya hapo walikuwa Uhabeshi, na huko safarini walimzika binti yao wa kwanza, njiti aliyeishi kitambo kidogo tu. Walimwita Eneba, maana yake chozi. Hebu fikirini, mzazi anampa mwanawe jina la Chozi.

Julai mwaka huohuo wa 1844, Rosine akajifungua binti mwingine. Homa nayo ikabisha hodi. Siku hizo hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye aletaye malaria. Jambo hilo liligunduliwa 1897, miaka zaidi ya hamsini baadaye. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani, hata mkewe alipokata roho ilikuwa taabu kwake kuinuka akamtazame. Haikupita wiki, kichanga naye akamfuata mama yake.

Sasa tegeni masikio. Kabla ya kufa, Rosine aliomba azikwe ng'ambo, upande wa bara, katika nchi ya Wamijikenda, ili wapitao wakiliona kaburi wakumbuke kilichowaleta wageni wale. Mtu yu kwenye pumzi za mwisho, naye anawawaza wapita njia!

Mtaniuliza: ina maana hawakuogopa, hawakulia? Walilia sana. Hapa ndipo wakubwa wengi huwakosea watoto msibani, wakiwaambia, “Nyamaza, Mkristo halii.” Nani kasema? Yesu mwenyewe alilia alipokuwa akienda kaburini kwa rafiki yake Lazaro, ilhali alijua atamfufua. Tumaini la Mkristo halikaushi machozi. Linabadili jinsi anavyolitazama shimo lile. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, aliufananisha mwili unaozikwa na mbegu. Ninyi mmewaona bibi zenu wakipanda mahindi. Je, bibi akishafukia punje, huketi shambani akaomboleza kwamba punje imepotea? Hurudi nyumbani akangoja mvua. Wakristo wanaamini kwamba Yesu alifufuka, kwa hiyo wao pia wanangoja.

Krapf naye aliwaandikia wakubwa wake wa misheni kule London kwamba kaburi lile la peke yake pwani ya Afrika ni dalili kuwa kazi imeanza. Mimi ningekuwa mjane wa siku chache sidhani ningeweza kushika kalamu.

Na kazi yenyewe ilikwendaje? Polepole mno. Mtu wa kwanza kubatizwa kule Rabai, kituo cha misheni bara ya Mombasa, alikuwa Mringe, mlemavu maskini, naye alibatizwa akiwa mgonjwa wa kufa. Mfanyabiashara angeangalia daftari lake akasema: miaka yote hiyo, mavuno ni mtu mmoja, naye anazikwa! Krapf hakuhesabu hivyo. Kwake Mringe alikuwa amefika.

Krapf alifariki Ujerumani mwaka 1881. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Mkijaliwa kufika Mombasa, vukeni daraja la Nyali mkaulizie kaburi la mke wa Krapf. Bado lipo.